Mikunga Kumi na Saba wa Bwawa la Kwa Nzai

Mikunga kumi na saba. Hiyo ndiyo gharama ya kukarabati Bwawa la Kwa Nzai, na niliihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilitumaini nimekosea. Mkandarasi akiulizwa atawatajia shilingi, na shilingi zenyewe zilikuwa nyingi, lakini shilingi huombwa upya mwaka unaofuata. Mkunga hana bajeti ya kumrudisha. Ni yule samaki mrefu, mtelezi, mwenye umbo la nyoka, na balaa lote lilianzia kwenye umbo hilo.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi niliyoiacha: kusimamia masharti ya mazingira mahali penye ujenzi. Najua mnavyotazamwa. Fundi anakuona mtu wa kuchelewesha kazi. Mwanakijiji anakuona mtu wa serikali. Serikali inakuona mtu wa mkandarasi. Na mkandarasi, ambaye ndiye anayekulipa, anakuona hasara iliyovaa miwani. Zoeeni. Mimi niliivaa miwani hiyo mpaka nikastaafu, na sasa nimebaki na miwani.

Sikuanzia darasani. Nilianzia ufukweni Malindi, dalali wa samaki, na huko ndiko nilikojifunza kuhesabu mara mbili: kwanza kwa jicho la anayeuza, halafu kwa jicho la anayenunua. Hesabu mbili zikilingana kwa haraka mno, ujue kuna mtu kakalia kapu. Darasa lilinijia ukubwani. Aliyenipa kazi ya kwanza, Bi Maryamu, mwanamke wa Lamu mwenye sauti ndogo na subira ndogo zaidi, aliniambia wazi kwamba hakunichukua kwa cheti.

"Vyeti wanavyo wengi," alisema. "Mimi nataka mtu wa kumwambia mkandarasi hapana, na mkandarasi arudi kesho kuuliza hapana hiyo inapungua hadi wapi."

Bi Maryamu hakupenda mtu asome sharti la leseni akiwa amekaa. Ulisome, kisha uende ukasimame pale linapozungumzia. Sharti likisema maji ya chini yasichafuke, nenda kasimame kwenye hayo maji, viatu mkononi. Nilimdharau kimoyomoyo mpaka siku ya Mtwapa, tulipokuwa tunajenga ukingo kando ya hori, ule mkono wa bahari. Niliruhusu magunia ya mchanga yapangwe bila mchanga kuoshwa. Mchanga usiooshwa ni tope lililovaa gunia. Kufikia adhuhuri hori lilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na wavuvi wakaniletea kikombe, kwa heshima zote, wakaniuliza kama sukari inatosha.

Tangu hapo sikutembea bila chupa mbili za soda. Moja unajaza maji ya juu ya kazi, nyingine maji ya chini ya kazi, unazisimamisha mbele ya karatasi nyeupe, unamwita mhandisi. Vipimo vya umeme vipo, na mvitumie, lakini kipimo cha umeme mhandisi atakwambia betri imeisha. Chupa haina betri.

Sasa Kwa Nzai. Ni bara, ukishapita Adu, nchi ya mahindi na ya kutazama mawingu. Bwawa lao ni tuta la udongo lililozuia kijito, la zamani, na lilikuwa linavuja chini. Kwa kuwa linavuja, upande wa nje wa tuta palikuwa na dimbwi lisilokauka, na kutoka hapo kijito kiliteremka chembamba chembamba hadi kwenye mikoko ya pwani. Kwa mhandisi, ule uvujaji ulikuwa ugonjwa. Na kweli ulikuwa ugonjwa. Tuta linalovuja chini siku moja huondoka lote.

Lakini mkunga huzaliwa baharini. Wale wadogo, wembamba kama njiti ya kiberiti, huingia na maji ya mvua na kupanda kijito kwenda bara, wakae huko miaka na miaka mpaka wanene, ndipo warudi baharini kuzaa. Pale Kwa Nzai walikuwa wanapanda tuta lenyewe, wakijibandika kwenye udongo uliolowa. Ugonjwa wa bwawa ndio uliokuwa ngazi yao.

Kwa hiyo leseni ya ukarabati ilitaka mambo manne. Kazi iishe kabla ya masika. Tope lisishuke kijitoni. Samaki wote wa dimbwini wahamishwe wakiwa hai kabla pampu haijalikausha. Na uvujaji ukizibwa, liachwe bomba dogo la kudondosha maji mwaka mzima juu ya njia ya mawe na kamba za katani, mkunga apate pa kupandia.

Hilo la nne halikumpendeza mtu. Mhandisi Wanje, mtu mzuri kwa tuta na mbaya kwa mengine yote, aliliita pambo. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mama Sidi, mjane mwenye nyumba ya kwanza kabisa chini ya tuta, aliliita jina lingine ambalo sitaliandika. Kikao cha kwanza alinikalisha mbele ya wanakamati.

"Baba Kassim, nieleze polepole, mimi sikusoma. Tunaziba tundu?"

"Tunaziba, Mama."

"Halafu tunatoboa lingine?"

"Dogo, Mama. Bomba lenyewe kama kidole gumba."

"Kwa ajili ya samaki ambaye hapa hatumli."

"Ndiyo."

"Na hili ndilo mlilolisomea."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Kamati haikukubali wala haikukataa. Waliliweka bomba kiporo. Wao nao walikuwa na sharti lao moja: kila kibarua awe wa Kwa Nzai, mgeni asipewe sururu. Sikuona kosa. Watu wanaoteka maji yale ndio waliostahili kulipwa kuyatengeneza. Kiongozi wa vibarua akawa Karisa, baba wa watoto wawili, mabega mapana, mcheshi, asiyejua kufanya kazi nusu. Kumbukeni hilo la kutofanya nusu.

Kabla ya kazi niliwakusanya nikawafundisha. Nilikuwa na picha za perege, nilikuwa na picha za kambare. Mkunga nilimtaja kwa mdomo nikapita. Pwani hakuna anayeuliza mkunga yukoje. Anauzwa, anakaangwa, mtoto anamjua. Nilisahau kwamba nimeshapita Adu. Nikauliza, "Kuna swali?" Wakajibu kwa sauti moja, "Hakuna, Mzee!" Mkisikia jibu hilo popote, msiwashe mashine. Rudini mwanzo.

Siku yenyewe, asubuhi, tingatinga lilikata tuta. Ilibidi, maana udongo uliooza uko ndani, huwezi kuutibu bila kuufikia. Maji ya bwawa tulikuwa tumeyashusha, yakabaki nyuma ya kizuizi cha magunia. Kwa hiyo hesabuni nilivyohesabu mimi: mbele bwawa, katikati pengo pana la kupita lori, nyuma ya pengo nyumba za watu. Na masika, ambayo kila mtu alisema bado, yalikuwa yameanza kutuma mawingu kutoka upande wa bahari, meusi, yanakuja moja moja kama watu wanaofika kwenye matanga.

Nilikuwa juu kwenye pampu na chupa zangu niliposikia shangwe dimbwini. Shangwe kabisa, ya watu waliofunga goli. Nikateremka.

"Mzee Kassim!" Karisa alinipokea, panga mkononi, uso umejaa fahari. "Samaki wote salama, wako kwenye mapipa, hakuna hata mmoja aliyekufa. Na nyoka tumewamaliza."

"Mmoja alitaka kumla Charo mguu!" akadakia mwingine, na kicheko kikaanza upya.

"Nyoka gani?"

"Hao."

Walikuwa wamepangwa juu ya gunia, wanene kama mkono wa mtu mzima, weusi wenye madoa, wamekatwa vichwa. Kumi na saba. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili. Vichwa vilikuwa vimewekwa kando, nikahesabu na vichwa. Hesabu ilikataa kubadilika.

Nikachuchumaa, nikainua pezi la mmoja kwa kidole.

"Karisa, unaona nini hapa?"

"Pezi."

"Nyoka ana pezi?"

"Mzee," akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto, "mimi nyoka simkagui. Namkata."

Mtu amezaliwa mahali ambapo kitu kirefu kinachotambaa majini kinaua watoto wakiteka maji. Aliingia dimbwini miguu mitupu kwa maagizo yangu, akapapasa kwa mikono, akakutana na kile. Kwa macho yake alikuwa ameniokolea kazi. Nilipomweleza, fahari ilimtoka usoni polepole, akaanza kufuta panga kwenye nyasi, akalifuta muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Shida haikuwa ya kumlaumu Karisa. Shida ilikuwa kwamba kesho yake asubuhi afisa wa mazingira alikuwa anakuja kukagua. Ziara ilikuwa imepangwa tangu zamani. Sharti la tatu la leseni limelala kwenye gunia vipande thelathini na nne. Akilifuata neno kwa neno, anasimamisha kazi. Kazi ikisimama, pengo linabaki wazi. Pengo likibaki wazi na yale mawingu yakifika, hakuna tena bwawa, na nyumba za chini ya tuta zinakwenda kuitafuta mikoko.

Mhandisi Wanje alifika, akatazama gunia, akatazama mawingu, akanivuta kando.

"Wazikwe."

"Haiwezekani."

"Kassim, wewe ni dalali. Punguza."

"Kumi na saba iwe ngapi?"

"Iwe hakuna."

"Hiyo si bei, Mhandisi. Hiyo ni kumpora mwenye mali."

"Mwenye mali ni nani? Mkunga?" Akakunja ngumi, akaikunjua. "Sikiliza. Nikipata siku chache pengo limefungwa. Baada ya hapo mwambie afisa ukitakacho, nami nitakubebea maiti. Lakini kesho, unaua kijiji kwa ajili ya samaki."

Nisiwadanganye: alikuwa na hoja. Nyinyi mtafundishwa kwamba anayesema "wazike" ni mtu mbaya. Wanje hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesimama karibu na pengo. Ila kulikuwa na jambo asilolijua: dimbwini walibaki wengine. Mkunga hujificha kwenye mashimo ya ukingo, na kumi na saba ni wale waliokuwa na bahati mbaya ya kupapaswa. Tukifukia tukanyamaza, pampu ingeendelea na kuwamaliza waliosalia. "Na vibarua kumi wameona," nikamwambia.

"Kumi na wawili," ilisema sauti nyuma yangu. Mama Sidi alikuwa amesimama pale, sijui tangu lini. "Nimewasikia. Wanaume wakinong'ona karibu na maji, maji yanabeba. Baba Kassim, ukimwambia huyo afisa, atafunga kazi?"

"Anaweza, Mama."

"Na tuta liko hivi?"

"Ndiyo."

"Na mvua?"

Nikatazama juu.

"Usitazame juu, nitazame mimi. Nyumba ya kwanza chini ya tuta ni ya nani?"

"Yako."

"Wanaolala ndani?"

"Wewe na wajukuu wako."

"Wajukuu wangapi?"

Sikujua.

"Wanne," akasema. "Nyoka umewahesabu mara mbili. Wajukuu wangu hujawahesabu hata mara moja."

Nimepigwa makofi ufukweni, nimetukanwa na manahodha, nimefukuzwa kwa mapanga Mtwapa. Hakuna lililoniingia kama lile. Nilikaa chini palepale kwenye udongo, na ajabu, kukaa kulinisaidia. Nikafikiria kama dalali: nina nini cha kuuza, na kesho mnunuzi atataka nini?

"Mama," nikasema, "nikimpelekea afisa maiti peke yake, atafunga. Nikinyamaza, akajua, atafunga na hatafungua. Lakini nikimpelekea maiti pamoja na mikunga hai, na bomba liko tayari, na kamati imesimama nami, nina cha kumwomba. Nitamwomba asimamishe kila kitu isipokuwa kufunga pengo."

"Mikunga hai utawatoa wapi? Hawa wangu wanajua kukata tu."

"Kuna mvuvi mmoja Mbajuni, yuko Mambrui, Omari Shee. Anawatega kwa dema, ule mtego wa kusuka."

"Mgeni."

"Mgeni, Mama."

"Kamati ilisema mgeni hapati sururu."

"Hatashika sururu. Atashika dema."

Alifikiri, midomo imebana. Upepo ulikuwa umeanza kunuka mvua. "Aje. Karisa akae naye ubavuni, ajifunze, ili siku nyingine tusihitaji mtu wa Mambrui kutuonyesha samaki wetu." Kisha akanyoosha kidole kuelekea pale bomba lilipopaswa kupita. "Na hilo bomba lako, liwekwe. Lakini nikwambie, na Mhandisi asikie. Maji hayo siwapi nyoka. Nakukopesha wewe, Kassim mwenyewe. Siku nikiyahitaji nitakuja kuyadai kwako. Si kwa serikali, si kwa mkandarasi."

"Nimekubali, Mama," nikasema, haraka kama mtu anayenunua kitu cha bei rahisi.

Omari Shee alifika alasiri kwa bodaboda, madema matatu yamefungwa mgongoni kwake kama vibanda. Mtu mdogo, kofia ya kazi ya mkono, na kinywa kisichotulia. Alisalimia kila mtu, akaenda moja kwa moja kwenye gunia, akatazama, akafunga macho.

"Innalillahi. Nani fundi?"

Karisa akainua mkono nusu.

"Umekata vizuri," Omari akasema. "Ungekuwa Mambrui ningekuajiri jikoni."

"Nilidhani ni nyoka."

"Nyoka wa kwenu ana mapezi?"

"Sijui wa kwenu mnawaoteshea nini huko pwani," Karisa akajibu, na hapo ndipo nilipojua watafanya kazi pamoja.

Jueni hili, kuna siku litawafaa. Mkunga hafukuzwi, anasubiriwa. Dema unalitega karibu na shimo lake, mdomo wa dema upande ambako kijito kinaelekea, ndani chambo cha matumbo ya samaki, na juu unafunika majani apate kivuli. Ukimtoa, usimshike kwa mkono mkavu, utamchuna ute wake na atakufa baadaye bila wewe kujua. Mfunike kwa gunia lililolowa. Ndani ya gunia bichi anakaa hai muda mrefu, kwa hiyo huhitaji pipa kubwa. Unahitaji mtu asiyeogopa kubeba gunia linalocheza.

Alfajiri madema yaliinuliwa. Lile la kwanza lilikuwa tupu. La pili lilikuwa na kaa mwenye hasira. La tatu lilikuwa zito. Omari alimwachia Karisa alifungue, na Karisa, ambaye jana yake alikuwa jemadari, alilifungua kwa ncha za vidole, uso kaugeuza pembeni.

"Mshike, bwana! Hakuli, hana habari na mguu wa Charo."

Karisa akalifunga gunia, akalikumbatia kifuani, akaenda nalo juu bwawani hatua kwa hatua, akilisemesha kwa sauti ya chini. Sikusikia alichosema. Madema yakarudishwa majini. Afisa alipofika tulikuwa tumehamisha mikunga tisa. Nilihesabu mara mbili, na mara hii kwa raha.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Halima, viatu vya mpira, maneno machache. Sikumpeleka kwanza kwa walio hai. Nilimpeleka kwenye gunia. Nikamweleza kila kitu, nani alikata, nani hakumwonyesha picha aliyekata. Karisa alisimama wima kando yangu, sikumwomba. Mama Sidi naye alisimama, mikono kifuani, anamtazama afisa kama anavyotazama ng'ombe anayetaka kumnunua.

Bi Halima alihesabu. Kisha, Mungu amjalie, akahesabu tena.

"Unajua nalazimika kusimamisha kazi hii," alisema.

"Najua. Naomba usimamishe kukata, kuchimba, na kukausha. Naomba uache kufunga." Nikamwonyesha pengo, kisha mawingu, kisha nyumba. "Tuta likienda, tope lote hili linashuka mpaka mikoko. Mikunga kumi na saba nimekuletea kwa mkono. Wa kwenye mikoko hutaweza kuwahesabu."

Tone la kwanza liliniangukia kwenye miwani. La pili likaanguka juu ya gunia. Wanje alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima.

"Bomba liko wapi?" akauliza Bi Halima.

"Hili hapa," Mama Sidi akajibu, kabla sijafungua mdomo. "Nimekubali liwekwe."

Bi Halima alimtazama yeye muda mrefu, mimi kidogo. "Kufunga kuendelee. Bomba lilazwe kwanza, kabla ya udongo wa kwanza. Na asiyejua kumtofautisha mkunga na nyoka asikanyage maji haya." Akamgeukia Karisa. "Wewe unajua?"

"Sasa najua."

"Basi utawafundisha wenzako."

Kulaza bomba kwanza kulikula saa ambazo Wanje alitaka kuzitumia kwa udongo, na kila dakika aliniambia hivyo. Mvua ilishuka udongo ukiwa umefika magotini. Sijui niwaelezeje. Udongo wa mfinyanzi ukilowa haushindiliki, unakuwa uji, kwa hiyo tulikuwa tunashindana na maji yaleyale tuliyokuwa tunayazuia. Magunia yalijazwa mchanga, na ndiyo, mchanga uliooshwa, nilisimama pale nikitukanwa na watu waliolowa, nikawaambia waoshe. Mama Sidi alifunga leso kiunoni akabeba karai kichwani. Omari Shee, mgeni asiyestahili sururu, alikuwa na sururu, na hakuna mwanakamati aliyeona. Maji ya bwawa yalipanda mpaka yakasimama kiganja kimoja chini ya magunia ya juu. Kiganja cha Wanje. Aliulaza mkono wake pale, akauacha, kama anayempima mtoto homa.

Mvua ikakata. Maji hayakuupita mkono. Wanje alikaa kwenye tope akacheka peke yake.

Nikajaza chupa zangu mbili. Ya chini ilikuwa na rangi kidogo, ya chai ya rangi, si ya maziwa. Bi Halima akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Mvua zilizofuata, nikiwa nyumbani Malindi, Karisa alinipigia simu. Alikuwa ananong'ona, sijui alidhani watamsikia. "Mzee, wamekuja. Wako kwenye kamba, wengi, kama nywele. Nyoka wako wanapanda." Nikamwambia awahesabu. Akasema, "Hata wewe ungeshindwa."

Hapo ndipo ningemalizia, kama ningekuwa mtu wa kuwauzia kilicho kizuri tu. Lakini nimestaafu, sina tena cha kuuza, na nina shida.

Mwaka huu masika hayakufika Kwa Nzai. Bwawa limeshuka mpaka tumbo lake linaonekana. Visima vya juu vimekauka, watu wa vijiji vya mbali wanapita na punda wakiuliza maji. Bomba linaendelea kudondosha, kidole gumba, mchana kutwa, juu ya mawe na kamba. Chini yake dimbwi ni dogo sana sasa, na ndani yake, Karisa ananiambia, wako mikunga wakubwa wanaosubiri mafuriko ya kuwarudisha baharini. Bomba likifungwa, dimbwi halifiki mwisho wa mwezi.

Juzi Mama Sidi alipiga simu. Amezeeka sauti.

"Baba Kassim, shikamoo sikupi, wewe ni mdogo wangu. Unakumbuka nilikukopesha?"

"Nakumbuka, Mama."

"Nimekuja kudai."

Nilimwambia kuna leseni, kuna ofisi, mimi si mtu wa kazini tena. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ofisi sikuikopesha," akasema. "Wajukuu wangu ni sita sasa. Nakutajia mapema, usije ukasema hukuulizwa."

Nimewaza kumpelekea maji kwa lori, nikahesabu, lori haliwezi kushinda kiangazi. Nimewaza madema, Omari na Karisa wawahamishe mikunga wale juu, lakini juu nako maji yanakwisha, na hao wamekwisha kuanza safari ya kurudi baharini. Ukiwarudisha bwawani umewafunga. Nimewaza kumwambia hapana, nikaona hiyo hapana haina pa kupungulia.

Koki ya bomba haina kufuli. Spana iko nyumbani kwake, ukutani, nimeiona mwenyewe. Angeweza kulifunga siku yoyote, na Malindi nisingejua mpaka mvua. Hakulifunga. Amenipigia simu, na ameniambia Jumapili akitoka kanisani atapiga tena kusikia neno langu.

Nyinyi mmesoma kuliko mimi, na bado mko kazini. Niandikieni kabla ya Jumapili: nimjibu nini?